Tairi lina umri wake: mahali pa kuusoma na wakati wa kulibadilisha

Wenye magari wengi katika Kaunti ya Taita Taveta hulipima tairi kwa kuangalia meno yake. Meno yakiwa bado yamesimama, tairi huhesabiwa kuwa zima. Yakiisha na tairi likawa kipara, ndipo jingine huanza kutafutwa. Kipimo hicho si kibaya, ila ni nusu tu ya kipimo. Tairi hufa kwa njia mbili: kwa kulika barabarani na kwa kuzeeka. Kulika huonekana kwa macho. Kuzeeka hakuonekani kwa urahisi, na tairi lililozeeka linaweza kuwa na meno mazuri na bado likapasuka mchana wa jua kali kati ya Maungu na Voi, gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa na trela likija upande wa pili.

Maelezo haya yamekusudiwa wenye magari ya nyumbani, matatu, teksi na pikapu zinazoteremsha mboga kutoka milima ya Taita. Yanaonyesha mahali umri wa tairi ulipoandikwa, mambo yanayoufupisha, na dalili ambazo dereva akiziona hapaswi kungoja mwisho wa mwezi.

Tarehe iko ubavuni

Kila tairi la gari hupigwa chapa ya maandishi mengi kwenye ubavu wake. Katikati ya maandishi hayo ziko herufi DOT, zikifuatwa na mchanganyiko wa herufi na tarakimu. Zinazohitajika hapa ni tarakimu 4 za mwisho, ambazo mara nyingi huwa ndani ya kiduara kirefu kilichochongoka kama yai. Mbili za kwanza ni wiki ya mwaka, mbili za mwisho ni mwaka wenyewe. Tairi lililoandikwa 3219 lilitengenezwa wiki ya 32 ya mwaka 2019, yaani mwezi wa Agosti. Lililoandikwa 0522 ni la wiki ya 5 ya mwaka 2022. Utaratibu huu wa tarakimu 4 ulianza mwaka 2000. Tairi lenye tarakimu 3 tu mwishoni ni la kabla ya hapo, na kazi pekee lililobakiza ni kushonewa akala.

Kuna jambo moja linalowachanganya watu. Tarehe hiyo si lazima iandikwe pande zote mbili. Yapo matairi ambayo upande mmoja una herufi DOT bila tarakimu 4 za mwisho, na upande wenye tarehe umefungwa kuelekea ndani, chini ya gari. Mwenye gari akikosa kuiona asidhani kwamba haipo. Ainame na tochi, au angoje siku tairi litakapofunguliwa kwa fundi wa pancha, kisha aigeuze rimu na kusoma upande wa pili. Ni vizuri pia kusoma matairi yote 4 moja moja, kwa sababu gari lililopitia mikono mitatu minne linaweza kuwa na matairi ya miaka minne tofauti.

La tano lisisahauliwe. Spea hukaa ndani ya buti au chini ya pikapu miaka na miaka, meno yake yakiwa mapya kabisa kwa kuwa halijawahi kukanyaga lami. Lakini miaka nayo imekuwa ikilipita. Dereva anayepata pancha usiku na kufunga spea la miaka 14, kisha akaendelea na safari kwa mwendo ule ule, amebadilisha tairi lenye kasoro anayoijua kwa tairi lenye kasoro asiyoijua.

Kwa nini mpira huzeeka

Mpira wa tairi si kitu kilichokufa. Hewa ya oksijeni hupenya ndani yake polepole na kuufanya mgumu, na ozoni iliyo katika hewa huula kutoka nje. Watengenezaji huchanganya dawa na nta katika mpira ili kupunguza madhara hayo. Nta hiyo hutoka na kufika juu ya tairi kadiri linavyozunguka na kujikunja. Ndiyo sababu gari linaloegeshwa miezi mingi bila kutumika halihifadhi matairi yake kama wenyewe wanavyodhani. Matairi ya gari lililosimama juani uani kwa mwaka mzima yanaweza kupasuka nyufa mapema kuliko ya gari linaloenda kazini kila siku.

Kitu kinachoharakisha yote hayo ni joto. Hapa kaunti hii ina tabia zake mbili. Mkazi wa Wundanyi huegesha gari lake katika baridi na ukungu wa milimani, wakati mwenzake wa Voi au Taveta hulianika gari lake kwenye joto la bonde, juu ya lami ambayo mchana mtu hawezi kuikanyaga miguu mitupu. Matairi mawili yaliyotoka kiwanda kimoja wiki moja hayatazeeka sawa katika sehemu hizo mbili.

Ndani ya tairi la kisasa mna nyuzi na mikanda ya waya za chuma, na vyote vimeshikanishwa kwa mpira. Mpira unapokauka, mshikamano huo hulegea. Meno huanza kuachana na mkanda wa chuma ndani kwa ndani, mahali ambapo jicho halifiki, mpaka siku joto na mwendo vinapozidi. Hapo gamba zima la meno hubanduka au tairi hupasuka. Abiria wa barabara ya Mombasa wanayajua yale magamba meusi yaliyolala kando ya lami kama ngozi za nyoka. Mengi ni ya malori, na watu hupenda kulaumu matairi yaliyovikwa meno upya. Lawama hiyo ni ya haraka mno: upepo mdogo, mzigo mzito na joto hubandua hata tairi ambalo halijawahi kuvikwa.

Uingereza ililipia somo hili kwa maisha ya watu. Mwezi wa Septemba 2012, basi lililokuwa likirudisha vijana kutoka tamasha la muziki katika kisiwa cha Wight lilitoka barabarani karibu na Hindhead, katika jimbo la Surrey, na kugonga mti. Watu 3 walifariki, dereva akiwa mmoja wao. Tairi la mbele lililopasuka lilipochunguzwa, umri wake ulikuwa miaka 19. Meno yake hayakuwa tatizo. Wakati huo sheria za nchi hiyo zilipima kina cha meno lakini hazikuuliza umri. Baada ya kampeni ya miaka mingi iliyoongozwa na mzazi wa mmoja wa marehemu, kuanzia tarehe 1 Februari 2021 Uingereza ilipiga marufuku matairi yaliyozidi miaka 10 kwenye ekseli ya mbele ya malori na mabasi, na kwenye mabasi madogo yenye tairi moja moja kila upande. Hayo ni magari ya ukubwa wa matatu zetu, na Uingereza ni nchi ya baridi.

Miaka mingapi, basi?

Hakuna nambari moja inayofaa kila gari, na anayemwambia mteja kwamba tairi hili litakaa kilomita elfu kadhaa bila kuuliza gari linapita wapi na linabeba nini anafanya biashara tu. Tairi la gari dogo linalotunzwa vizuri juu ya lami linaweza kufika kilomita 40,000 hadi 60,000. Gari lile lile likihamia kwenye barabara za maramu na mawe, hesabu hiyo hushuka sana.

Kuhusu miaka, mwongozo upo. Watengenezaji kadhaa wa magari hushauri tairi libadilishwe likifika miaka 6, hata kama meno yamebaki. Kampuni ya Michelin hushauri tairi likaguliwe na fundi angalau mara moja kwa mwaka likishatumika miaka 5, na likifika miaka 10 tangu kutengenezwa liondolewe, hata likionekana zima. Kwa gari linaloshinda juani Voi, Maungu au Taveta, busara ni kuukaribia mwaka wa 6 kuliko wa 10. Miaka 10 ni ukuta wa mwisho, wala haipaswi kuchukuliwa kama haki ya mwenye tairi.

Hesabu hii inawahusu moja kwa moja walionunua magari yaliyotoka Japani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, kwa hiyo mengi hufika bandari ya Mombasa yakiwa na miaka 7. Baadhi huja na matairi yao ya tangu kiwandani, kwa kuwa wenyeji waliyatembeza kidogo katika barabara nzuri. Mnunuzi huyaona meno yamejaa akafurahi kwamba matairi hatayagusa kwa muda mrefu. Akiyatumia miaka 4 zaidi, anabeba familia yake juu ya matairi ya miaka 11. Siku ya kulipokea gari, kabla ya kuuliza kuhusu redio, ni vyema azunguke na kusoma tarakimu zile.

Meno na mvua

Tairi jipya la gari dogo huwa na meno yenye kina cha milimita 7 au 8 hivi. Ndani ya mifereji yake mna vinundu vidogo vya mpira vilivyopandishwa kidogo kutoka chini. Vinundu hivyo ni alama ya kiwandani ya milimita 1.6. Meno yakilika mpaka yakawa sawa na vinundu, tairi limekwisha, na hapo ndipo nchi nyingi zilipoweka kikomo cha sheria. Asiyeviona vinundu anaweza kuchukua kijiti cha kiberiti, akakisimamisha ndani ya mfereji, akatia alama kwa ukucha palipo usawa wa meno, kisha akapima kwa rula ya mtoto wa shule. Apime katikati na pembeni, mahali kadhaa kuzunguka tairi.

Kungojea milimita 1.6 hata hivyo ni kujinyima akiba. Kazi ya mifereji ni kuyatoa maji chini ya tairi ili mpira uguse lami. Mifereji ikiwa mifupi, maji hukosa pa kupita na tairi huanza kuelea juu yake. Dereva huhisi usukani umekuwa mwepesi ghafla, na akikanyaga breki gari haliitikii. Mafundi wengi hushauri tairi la gari dogo libadilishwe likifika milimita 3, na katika kaunti hii kuna sababu ya ziada ya kuwasikiliza. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi kirefu hukuta lami imepakwa vumbi na mafuta ya miezi mingi, na mchanganyiko huo huteleza kama sabuni. Isitoshe, barabara ya kupanda kutoka Mwatate hadi Wundanyi ni kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande huu na bonde upande ule. Kabla ya masika mwezi wa Machi, na tena kabla ya vuli mwezi wa Oktoba, kijiti cha kiberiti kitolewe.

Namna meno yalivyolika husema mambo mengine pia. Yakilika pembeni pande zote mbili na katikati yakabaki, tairi limekuwa likitembea na upepo mdogo. Yakilika katikati peke yake, upepo umezidi. Yakilika upande mmoja tu, gari linahitaji alaimenti, na kununua tairi jipya kabla ya kurekebisha hilo ni kulitia jipya katika ugonjwa ule ule. Yakiwa na mabaka, hapa yamelika na pale bado, shokabzoba zitazamwe, na balansi ipimwe.

Nyufa ndogo ndogo ubavuni kama udongo uliokauka ni dalili ya uzee. Uvimbe ubavuni, hata wa ukubwa wa nusu ya ndimu, ni jambo jingine kabisa. Maana yake nyuzi za ndani zimekatika, mara nyingi kwa kugonga shimo au ukingo wa barabara, na upepo umebaki ukizuiwa na mpira mtupu. Uvimbe hautengenezeki. Gari lenye tairi la namna hiyo lisifanye safari nyingine isipokuwa ile fupi, ya polepole, ya kwenda kulibadilisha, na hata hiyo ni afadhali ifanywe kwa spea.

Upepo na mzigo

Kama kuna jambo moja linaloua matairi mapema katika nchi hii, ni upepo usiotosha. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja zaidi kila linapozunguka. Kujikunja huko huzaa joto, na joto huuvunja mpira kutoka ndani. Kwa macho halionekani. Matairi ya kisasa yana ubavu unaojitokeza kidogo kwa kawaida, hivyo kulipiga teke tairi, kama wafanyavyo madereva wengi stendi, hakupimi kitu. Geji ndiyo inayopima. Geji ndogo ya mkononi ni rahisi kuliko tairi lolote.

Kipimo sahihi hutoka kwa aliyetengeneza gari. Kwa kawaida kiko kwenye kibandiko pembeni mwa mlango wa dereva, au ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta, na mara nyingi kina safu mbili: gari likiwa tupu na gari likiwa na mzigo kamili. Nambari kubwa iliyoandikwa kwenye tairi lenyewe ni kikomo cha juu cha tairi. Kujaza mpaka hapo kwa sababu tu imeandikwa ni kosa linalofanywa hata katika vituo vya mafuta. Upepo upimwe asubuhi, matairi yakiwa baridi, angalau mara moja kwa mwezi na kabla ya kila safari ndefu. Aliyekwisha kutembea kilomita 50 atakuta geji imepanda. Asitoe upepo ili kuirudisha chini, kwa sababu matairi yakipoa yatakuwa na upungufu. Pia anayehamisha gari kutoka baridi ya milimani kwenda kukaa wiki nzima kwenye joto la Voi apime upya huko huko.

Kuhusu mzigo, tairi nalo lina la kusema. Chukua tairi lililoandikwa 195/65 R15 91H, ambalo hupatikana kwenye magari mengi madogo. 195 ni upana wake kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 65 ya upana huo. 15 ni ukubwa wa rimu kwa inchi. 91 ni alama ya uzito ambao tairi moja linaweza kubeba, kilo 615, na H ni mwendo wa juu kabisa, kilomita 210 kwa saa. Watu huisoma ile H na kusahau 91.

Matairi ya matatu ya abiria 14 ni ya jamii nyingine. Mara nyingi huwa na herufi C au LT na alama kama 107/105. Alama ya 107 ni kilo 975 kwa tairi moja, na 105, yaani kilo 925, ni kwa tairi lililofungwa pacha na jingine. Ubavu wake umeimarishwa na hustahimili upepo mwingi zaidi. Mwenye matatu au pikapu anayefunga matairi ya gari dogo kwa sababu yameingia kwenye rimu na bei yake ni nafuu amepunguza uwezo wa gari lake kwa theluthi moja au zaidi, na gari bado litajazwa vile vile. Pikapu inayoshuka kutoka Wundanyi ikiwa imesheheni kabichi na magunia ya nyanya, breki zikiwa moto kwenye rimu na matairi yamebonyea, imekusanya kila adui wa tairi mahali pamoja. Teremko likiisha Mwatate, ni vyema dereva asimame, ashuke, na ayaguse matairi kwa mkono. Lililo moto kuliko wenzake lina tatizo, ama la upepo ama la breki iliyokwama.

Kununua, kuziba na kuvika upya

Tangu kiwanda cha Nairobi kilichojulikana kwa matairi ya Yana kiache kutengeneza matairi mwaka 2016, matairi mapya yanayouzwa nchini hutegemea sana meli. Hakuna ubaya katika hilo, ila tairi husafiri, hukaa ghalani, kisha hukaa dukani. Tairi lililohifadhiwa kivulini kwa mwaka mmoja au miwili halijaharibika. Lililoning'inizwa nje ya duka likipigwa na jua miaka mitatu ni habari nyingine, hata kama bado lina nywele zake za mpira na karatasi ya kiwandani. Mnunuzi aombe kusoma tarehe kabla ya kulipa. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Matairi ya mtumba, yale yanayoitwa eksi-Japani, yana wateja wengi kwa sababu zinazoeleweka. Si kila mtu anaweza kununua manne mapya kwa mpigo. Anayelazimika kuyanunua asitazame meno peke yake: asome tarehe, aikunje sehemu ya ubavu kwa mikono kutafuta nyufa, aingize mkono ndani kutafuta kiraka au mahali palipopasuka, na akatae lolote lililopita miaka 6. Ikiwa bei ya tairi la mtumba ni nusu ya jipya lakini umri uliobaki ni mwaka mmoja, unafuu huo haupo.

Anayemudu mawili tu mapya huulizwa ayafunge wapi, na wengi hujibu mbele, kwa kuwa mbele ndiko kwenye usukani. Kampuni za matairi hushauri kinyume: yaliyo bora yakae nyuma. Tairi la mbele likiteleza, gari huelekea kwenda moja kwa moja na dereva ana nafasi ya kupunguza mwendo. Tairi la nyuma likiteleza kwenye kona yenye maji, gari huzunguka lenyewe, na ni madereva wachache wanaoweza kulirudisha. Ushauri huo hauna maana kwamba la mbele linaweza kuwa bovu. Tairi bovu halina mahali pa kufungwa.

Pancha ya msumari au mwiba wa mgunga katikati ya meno huzibika vizuri, mradi tundu lisizidi milimita 6. Ile kamba inayosokotwa kutoka nje humfikisha mtu nyumbani. Iliyo bora ni tairi kuvuliwa kwenye rimu, likaguliwe ndani, na kibandiko chenye kizibo kiwekwe kutoka ndani. Kukagua ndani kuna faida moja kubwa: tairi lililotembezwa bila upepo, hata kwa kilomita moja au mbili, huacha unga mweusi wa mpira na mviringo wa mkwaruzo ndani ya ubavu. Likiwa na alama hizo, lisijazwe tena. Tundu la ubavuni halizibwi. Kushona ubavu, au kuweka kipande cha tairi kuukuu ndani na kuongeza tyubu, ni ufundi unaoonekana kila mahali, na ni ufundi wa kulifikisha trekta shambani. Si wa kubebea abiria.

Kuvika meno upya, au ritredi, ni kazi halali ya viwandani kwa matairi ya malori, na hupunguza gharama. Ila hufungwa nyuma, si kwenye usukani. Mabasi ya Marekani hayaruhusiwi kabisa kuyatumia mbele. Kuchonga meno kwa kisu cha moto juu ya tairi la gari dogo lililokwisha ni jambo tofauti. Mifereji mipya hiyo imekatwa katika mpira ule mwembamba unaoulinda mkanda wa chuma. Matairi machache ya malori yametengenezwa kwa unene wa ziada ili yachongwe, nayo yameandikwa REGROOVABLE ubavuni. Yasiyo na neno hilo hayachongwi.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka gari liwe katika hali salama wakati wote linapokuwa barabarani. Ukaguzi wa magari ni kazi ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, na magari ya abiria na ya biashara hupita huko kila mwaka. Cheti cha ukaguzi husema hali ya gari siku ile. Tairi lililopita mwezi wa Januari likiwa na milimita 3 halina cha kujitetea mwezi wa Septemba.

Likipasuka

Tairi likipasuka kwenye mwendo, kishindo chake humfanya dereva akanyage breki kwa nguvu, na hapo ndipo gari hupinduka. Anachotakiwa ni kushika usukani kwa mikono yote miwili na kuunyoosha, kuachia mafuta polepole, na kuliacha gari lipunguze mwendo lenyewe kabla ya kutoka kando ya barabara. Breki ziguswe kidogo kidogo mwishoni. Kubadilisha tairi kufanyike mbali na lami, alama za tahadhari zikiwa nyuma ya gari kwa umbali wa kutosha na abiria wote wakiwa wameshuka. Kama spea ni lile jembamba la dharura, mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa, na safari iishie kwa fundi wa karibu.

Matairi yaliyoondolewa

Tairi kuukuu lililotupwa nyuma ya nyumba hukusanya maji ya mvua, na maji hayo yaliyofichika kivulini ndiyo mbu aina ya Aedes wanayoyapenda kutagia. Mbu hao hueneza homa ya dengue, ambayo imewahi kulipuka katika pwani yetu. Kulichoma tairi hakusaidii, kwani moshi wake una sumu na huwadhuru majirani wote. Wakazi wanaobaki na matairi ya zamani wanaombwa kuyahifadhi mahali pakavu penye paa, au kuyatoboa mashimo chini ili yasituamishe maji. Mafundi wa akala hununua yasiyo na waya nyingi. Anayelitoa tairi kwa sababu ya uzee alikate ubavu kwa kisu kabla ya kulipeleka popote, lisije likasafishwa, likapakwa rangi nyeusi, na kurudi barabarani chini ya gari la mtu mwingine.